Porojo kwa Sikio la Nani? Asili ya Maneno ya Kiingereza ya Kudharau Mazungumzo

Kiingereza kina hazina kubwa ya maneno ya kudharau mazungumzo. Mtu anayeongea bila kikomo huambiwa anafanya "chatter", "prattle" au "babble". Anayezungumza mambo ya wasiokuwepo husemwa kuwa mtu wa "gossip" au "tattle". Anayemwaga maneno yasiyo na mashiko, maneno yake huitwa "twaddle", "drivel", "waffle", "balderdash" au "bunkum". Orodha ni ndefu, na kila anayefundisha, anayetafsiri au anayehariri habari kati ya Kiingereza na Kiswahili hukutana nayo mara kwa mara. Kwa kawaida tunamaliza kazi haraka: tunaandika porojo, soga, umbea au upuuzi, kisha tunasonga mbele.

Haraka hiyo inatunyima mengi. Maneno haya hayakuzaliwa mahali pamoja, na mengi hayakuanza na maana mbaya. Moja lilianzia kwenye ubatizo, jingine kwenye pipa la maji la manowari, jingine kwenye pwani ya Afrika Magharibi, jingine ndani ya Bunge la Marekani. Ukiyafuata hadi yalikotoka, unakuta kwamba yanatuambia machache kuhusu kilichosemwa na mengi kuhusu aliyekuwa akisikiliza. Neno la kudharau mazungumzo ni hukumu, na hukumu haiji bila hakimu. Kwa hiyo swali la kuliuliza kila neno ni hili: nani aliketi kwenye kiti cha kuhukumu, na nani alisimama kizimbani?

Ndege, kichanga na mtoto wa mbwa

Kundi kubwa la maneno haya limejengwa kwa tanakali sauti. "Chatter" linaonekana katika maandishi ya Kiingereza tangu karne ya 13, nalo lilieleza kwanza milio ya haraka ya ndege. "Chat", ambalo leo limesambaa duniani kote kupitia simu na kompyuta, ni ufupisho wake wa karne ya 15. Wapo ndege wadogo wa Ulaya wanaobeba jina hilo hadi leo, kama "stonechat" na "whinchat". "Twitter" nalo lilitumiwa na mshairi Geoffrey Chaucer katika karne ya 14, alipotafsiri kitabu cha mwanafalsafa Boethius, kueleza sauti ya ndege aliyefungiwa tunduni akiulilia msitu. Kampuni ya Marekani iliyochukua jina hilo mwaka 2006 ilifuata njia iliyokwisha kuchongwa zamani. Hata "jargon", neno linalotumika sasa kwa lugha ya wataalamu isiyoeleweka na wengine, lilitoka katika Kifaransa cha kale likiwa na maana ya milio ya ndege.

Baada ya ndege wanafuata watoto. "Babble" limetokana na "ba-ba" ya kichanga anayejifunza kutumia midomo yake. "Drivel" lilikuwa kutokwa na ute mdomoni, kama mtoto anayeota meno, kabla ya kuwa kuongea ovyo. "Waffle", kwa maana ya kuzunguka na maneno bila kufika popote, limetokana na neno la lahaja lililoeleza mbweko wa mtoto wa mbwa.

Mantiki ya kundi hili ni moja. Ndege, kichanga na mtoto wa mbwa hutoa sauti ambayo hakuna anayewajibika kuielewa. Ukimwambia mtu mzima kwamba anatoa sauti kama yao, hujajibu hoja yake. Umejiondolea wajibu wa kumsikiliza.

Mfano ulio wazi kuliko yote ni wa zamani kuliko Kiingereza chenyewe. Katika sura ya 17 ya Matendo ya Mitume, wanafalsafa wa Athens walimwita Mtume Paulo "spermologos". Kwa Kigiriki ni mwokota mbegu, neno lililotumika kwa ndege adonoaye punje chini, kisha kwa mtu aokotaye vipande vya elimu ya wengine na kuvitapika bila mpangilio. Biblia ya Kiingereza ya mwaka 1611 iliweka "babbler", na Biblia ya Kiswahili ya Union Version ikaweka "mpuzi". Waliotoa hukumu hiyo walikuwa watu wenye elimu kubwa ya wakati wao, na majina yao hatuyajui. Barua za huyo waliyemwita mpuzi zinasomwa katika maelfu ya lugha leo.

Ndege hao hao waliunganishwa mapema na wanawake. Kitabu cha Saint Albans, kilichochapwa Uingereza mwaka 1486, kina orodha ya majina ya makundi ya viumbe, na neno "gaggle", linaloiga kelele za mabata bukini, limewekwa humo kwa mabata bukini na kwa wanawake pia. Ndege aitwaye "magpie" alikuwa zamani "pie" tu. Karibu na mwaka 1600 aliongezewa "Mag", ufupisho wa Margaret, jina la kike lililokwisha kuwa la mfano kwa mwanamke msemaji.

Kutoka kwenye ubatizo hadi kwenye aibu

Neno linalobeba historia nzito kuliko yote ni "gossip". Katika Kiingereza cha kale, karne ya 11, liliandikwa "godsibb". Sehemu ya kwanza ni Mungu, ya pili ni jamaa au ndugu, na mzizi huo wa pili bado unaishi katika "sibling". Kwa hiyo "godsibb" alikuwa ndugu kwa njia ya Mungu, yaani baba au mama wa ubatizo. Huo haukuwa undugu wa jina tu. Kanisa la zama hizo liliuhesabu kuwa undugu kamili, kiasi cha kuzuia ndoa kati ya waliounganishwa nao.

Kufikia karne ya 14 neno lilikuwa limepanuka na kumaanisha rafiki wa karibu au jirani wa kuaminika. Kisha likajikita zaidi kwa wanawake walioitwa kuhudhuria uzazi. Mama alipopata uchungu, mkunga aliitwa pamoja na marafiki na majirani wa kike, na hao ndio waliokuwa "gossips". Chumba kilifungwa, madirisha yakafunikwa, kinywaji cha moto chenye viungo kikaandaliwa, na wanaume wakabaki nje. Mama alikaa ndani takriban mwezi mmoja, hadi siku ya kwenda kanisani kutoa shukrani, na wanawake hao waliendelea kuja kumhudumia na kumchangamsha.

Maneno yaliyosemwa ndani ya chumba hicho yalikuwa na uzito wa kisheria. Mkunga alitakiwa kumhoji mama asiye na mume amtaje baba wa mtoto ili parokia ijue nani atabeba gharama za malezi. Mwaka 1624 Bunge la Uingereza lilipitisha sheria dhidi ya mauaji ya watoto waliozaliwa nje ya ndoa. Mwanamke aliyeficha kifo cha mtoto wa namna hiyo alihesabiwa kuwa muuaji, isipokuwa awe na angalau shahidi mmoja wa kuthibitisha kwamba mtoto alizaliwa akiwa amekwisha kufa. Kwa mwanamke kama huyo, rafiki aliyekuwamo chumbani alikuwa tofauti kati ya uhai na kitanzi. Hao ndio watu ambao jina lao limekuja kumaanisha maneno ya bure.

Mabadiliko hayo yalitokea mbele ya macho ya Shakespeare. Tamthilia yake The Comedy of Errors, ya miaka ya 1590, inamalizika kwa familia iliyotawanyika kukutana tena na kualikwa kwenye karamu ya "gossips". Hapo neno lina utukufu wake wote, maana ni karamu ya ubatizo wa watu waliozaliwa upya kwa ndugu zao. Katika A Midsummer Night's Dream, ya miaka hiyo hiyo, "gossip" ni mwanamke wa makamo na bakuli lake la pombe, anayefanyiwa mzaha na jini Puck. Tangu miaka ya 1560 neno lilikuwa limeanza kutumika kwa mtu yeyote wa maneno mengi. Kulitumia kwa maneno yenyewe, badala ya mtu, kulikuja baadaye sana, mwanzoni mwa karne ya 19.

Kwa nini liliporomoka? Aliyekuwa nje ya mlango ndiye aliyeandika vitabu, hotuba na tamthilia. Hakusikia kilichosemwa ndani, lakini alijua kwamba huenda yeye mwenyewe ametajwa. Hofu hiyo iliambatana na adhabu za wazi. Sheria ya Uingereza ilikuwa na kosa la mwanamke mgomvi, msumbufu wa majirani kwa ulimi wake, na adhabu mojawapo ilikuwa kufungwa kwenye kiti na kuchovywa majini. Katika baadhi ya miji ya Uskoti na Uingereza ilitumika hatamu ya chuma iliyovishwa kichwani, ikiwa na kipande cha kukandamiza ulimi. Kanisa la Walton-on-Thames lilikuwa na moja yenye tarehe ya mwaka 1633. Kosa lenyewe lilibaki katika sheria ya Uingereza na Wales hadi lilipofutwa mwaka 1967.

Kahawa ya wanaume, chai ya wanawake

Ili kuona jinsi hukumu hizi zilivyotolewa kwa upendeleo, linganisha chumba cha uzazi na nyumba za kahawa za London. Ya kwanza ilifunguliwa na Pasqua Rosée mwaka 1652, na kabla ya karne kwisha zilikuwa zimejaa mjini. Wateja walikuwa wanaume. Walikaa kwa saa nyingi wakipokezana habari za meli, bei, vita, siasa na mambo ya watu. Tarehe 29 Desemba 1675 Mfalme Charles II alitoa amri ya kuzifunga, akidai kwamba ndimo zinamosambazwa habari za uongo za kuichafua serikali. Malalamiko yalikuwa makali hata amri ikaondolewa kabla haijaanza kutekelezwa.

Mazungumzo hayo ya kahawani yaliacha taasisi. Katika duka la Edward Lloyd, wenye meli na wafanyabiashara walibadilishana habari za safari na hatari za baharini, na humo ndimo ilimozaliwa Lloyd's, soko la bima lililopo hadi leo. Katika duka la Jonathan, wauzaji wa hisa walizungumza bei, na historia ya Soko la Hisa la London inaanzia hapo. Uvumi kuhusu meli iliyochelewa, ukisemwa na mwanamume mwenye kikombe cha kahawa, uliitwa taarifa ya biashara.

Ushahidi ulio bora zaidi ni gazeti. Tarehe 12 Aprili 1709 Richard Steele alianzisha The Tatler, lililotoka mara tatu kwa wiki. Jina hilo linatokana na "tattle", neno lililopatikana katika tafsiri ya mchapishaji William Caxton ya mwaka 1481 na ambalo yaelekea lilitoka Kiflemi, likiwa na maana ya kugugumia. Steele alieleza kwamba amechagua jina hilo kwa heshima ya wanawake. Lakini angalia habari zake zilikotoka: mambo ya starehe kutoka White's, mashairi kutoka Will's, elimu kutoka Grecian, habari za nje na za ndani kutoka St. James's. Zote nne zilikuwa nyumba za kahawa au chokoleti, baraza za wanaume. Wanaume ndio waliopiga gumzo, na wanawake wakapewa jina lake.

Wanawake walikunywa chai nyumbani, na msamiati ukawasubiri huko. Kamusi ya lugha ya mitaani ya Francis Grose, iliyotoka mwaka 1785, inaorodhesha majina ya utani ya chai, na miongoni mwake yamo "chatter broth" na "scandal broth", yaani mchuzi wa maneno na mchuzi wa kashfa. 

Maneno yaliyovuka bahari

Kundi la tatu limetokana na lugha za wengine. Neno la kawaida kabisa la kuzungumza katika lugha jirani, likivuka mpaka, hugeuka kuwa kupayuka. Waholanzi husema "praten" kwa maana ya kuongea, bila dharau yoyote. Waingereza walilichukua karne ya 15 likawa "prate", kusema ovyo kwa kujiona, kisha likazaa "prattle", kuongea kama mtoto. Wayahudi wa Ulaya Mashariki walikuwa na kitenzi cha Kiyidi cha kuongea na rafiki, kilichotoka katika neno la Kiebrania la habari zilizosikiwa. Kilipofika Marekani kikawa "schmooze", kupiga soga kwa lengo la kujipendekeza.

Neno linalotuhusu zaidi sisi Waafrika ni "palaver". Asili yake ni Kireno "palavra", yaani neno au kauli. Wareno walikuwa kwenye pwani ya Afrika Magharibi tangu karne ya 15, na "palavra" likawa jina la kikao cha kujadiliana na wenyeji kuhusu biashara, ushuru na migogoro. Mabaharia wa Kiingereza walilichukua katika karne ya 18. Mwanzoni lilimaanisha mashauriano rasmi. Haukupita muda mrefu, Uingereza likawa maneno mengi yasiyo na maana, pamoja na usumbufu na zogo.

Waafrika walioishi na mikutano hiyo hawakuliacha lidharauliwe. Nchini Liberia, kibanda cha palava ni mahali pa wazee kusuluhisha ugomvi, na Tume ya Ukweli na Maridhiano ya nchi hiyo, katika ripoti yake ya mwaka 2009, ilipendekeza utaratibu huo utumike kuponya majeraha ya vita vya wenyewe kwa wenyewe. Katika Afrika inayozungumza Kifaransa, mti wa "palabre" ni mti wa mashauri ya kijiji. Msomaji wa Kiswahili anaielewa taasisi hiyo bila kuelezwa, maana analo baraza. Mazungumzo yanayochukua siku nzima hadi pande zote zikubaliane ni kazi ya utawala. Mfanyabiashara mgeni anayetaka kupakia shehena kabla upepo haujageuka huona ni kupoteza wakati.

Nasaba ya neno hili inaiumbua dharau hiyo. "Palavra" ya Kireno imetokana na Kilatini "parabola". Kilatini hicho hicho kilizaa kitenzi cha Kifaransa "parler", kusema, na kutoka hapo likapatikana "parliament". Kwa hiyo "palaver" na "parliament" ni watoto wa ukoo mmoja. Mazungumzo ya wakubwa wa London yakapewa jina la Bunge, na yale ya wakubwa wa pwani ya Guinea yakapewa jina la zogo.

"Mumbo jumbo" lina hadithi ya karibu na hiyo. Mwaka 1738 Francis Moore alichapisha kitabu kuhusu safari zake Gambia, na humo akaeleza kinyago cha Wamandinka kilichotoka usiku na kutumiwa na wanaume kuwatisha wake zao walipogombana nao. Baadaye Kiingereza kililifanya jina hilo kuwa la maneno yasiyoeleweka na ibada zisizo na maana. Wasomaji wa Moore walikiona kinyago cha Gambia kuwa kioja cha ugenini, ilhali hatamu ya chuma ya kunyamazisha wanawake ilikuwa kwao wenyewe.

Pipa la maji na mkokoteni wa jeshi

Kundi la nne ni dogo lakini lina funzo kubwa. Katika meli za zamani palikuwa na pipa la maji ya kunywa lililotobolewa ili mabaharia wachote, nalo liliitwa "scuttlebutt". Mabaharia walikutana hapo na kuulizana meli inaelekea wapi na likizo ni lini. Kufikia mwanzoni mwa karne ya 20, katika Jeshi la Majini la Marekani, jina la pipa lilikuwa jina la uvumi wenyewe. Upande wa pili wa dunia jambo hilo hilo lilitokea bila wao kuigana. Kampuni ya familia ya Furphy, ya mji wa Shepparton nchini Australia, ilitengeneza mikokoteni ya matangi ya maji yenye jina lao ubavuni. Wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia mikokoteni hiyo ilitumika kambini, askari wakakusanyika hapo kwa kiu ya maji na ya habari, na "furphy" likawa neno la Kiaustralia la uvumi usio na ukweli.

Hapa hukumu ni laini zaidi, maana walioyabuni maneno haya ni wasemaji wenyewe. Walijua kwamba wanayoambiana huenda si kweli. Lakini walikuwa watu wanaopelekwa kufa bila kuambiwa wanapelekwa wapi. Uvumi wao ulitokana na ukimya wa makamanda. Mahali popote ambapo mwenye habari ameifungia ndani, wasio nayo wataitafuta penye maji, penye chai au penye simu.

Wakubwa nao kizimbani

Yapo maneno machache ambamo mwelekeo umegeuka, na wadogo wamewahukumu wakubwa. "Claptrap" lilizaliwa katika majumba ya michezo ya kuigiza ya Uingereza karne ya 18. Lilikuwa mtego wa makofi, yaani mstari ulioingizwa katika mchezo kwa lengo moja tu la kuwafanya watazamaji washangilie. Leo linawafaa wanasiasa kuliko waigizaji. "Rigmarole" limetokana na Ragman Roll, jina lililotumika kwa mchezo wa kale wa kusoma mistari kutoka karatasi iliyoviringishwa, na pia kwa hati ndefu ambazo wakuu wa Uskoti walilazimishwa kutia mihuri mwaka 1296 kumtii Mfalme Edward I wa Uingereza. "Patter", kusema harakaharaka bila kufikiri, limetokana na Paternoster, Sala ya Bwana kwa Kilatini, jinsi ilivyosomwa mbiombio na watu waliotaka kuimaliza.

Lililo maarufu zaidi ni "bunkum". Mwaka 1820 Bunge la Marekani lilikuwa likijadili kama Missouri iingie katika muungano ikiwa jimbo la watumwa. Mjadala ulikuwa umerefuka sana, na wabunge walitaka kura ipigwe. Felix Walker, mbunge wa kutoka North Carolina, aliinuka kusema. Wenzake walipomsihi akae, alishikilia kwamba hasemi kwa ajili yao, anasema kwa ajili ya Buncombe, wilaya ya wapiga kura wake. Jina la wilaya likageuka kuwa jina la hotuba tupu ya kisiasa, tahajia ikawa "bunkum", kisha ufupisho "bunk". Mwaka 1923 mwandishi William Woodward akatumia "debunk", kufichua upuuzi, katika riwaya yake. Uzito wa tukio usisahaulike: suala lililokuwa mezani lilikuwa kama binadamu waendelee kumilikiwa na binadamu wenzao, na bungeni palisemwa maneno yaliyolenga kuwafurahisha wapiga kura tu.

Tahadhari kuhusu asili za kubuni

Anayechunguza maneno haya hana budi kuwa mwangalifu, kwa sababu penye asili isiyojulikana watu huzua. Wengi huamini kwamba "babble" limetoka kwenye mnara wa Babeli. Hadithi hiyo ya kitabu cha Mwanzo huenda ilisaidia kulitia rangi, lakini neno lina ndugu wa sauti zinazofanana katika Kiholanzi na Kifaransa, na chanzo chake ni midomo ya vichanga. Samuel Johnson, katika kamusi yake kubwa ya mwaka 1755, alikisia kwamba "gibberish" limetoka kwa Geber, jina la Kilatini la Jabir ibn Hayyan, mtaalamu wa alkemia wa ulimwengu wa Kiislamu. Wachunguzi wa baadaye wamelikataa wazo hilo, lakini linaonyesha jinsi ilivyokuwa rahisi kuhesabu elimu iliyotoka kwa Waarabu kuwa maneno yasiyoeleweka. "Codswallop", yaani upuuzi, hubandikwa kwa Hiram Codd, aliyebuni chupa ya soda katika miaka ya 1870, ingawa neno linaonekana katika maandishi kuanzia miaka ya 1950 tu. 

Je, mazungumzo ya bure yapo?

Sayansi ya karne ya 20 ilianza kuirekebisha hukumu. Mwanaanthropolojia Bronisław Malinowski, aliyeishi na watu wa visiwa vya Trobriand wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, aliandika mwaka 1923 kwamba yapo mazungumzo ambayo kazi yake ni kuunganisha watu wala si kupashana habari. Kwa sisi tunaosalimiana kwa kuulizia nyumbani, watoto, kazi na afya kabla ya kusema shida, hoja hiyo si ngeni. Mwanasaikolojia Robin Dunbar, katika kitabu chake cha mwaka 1996, alikwenda mbali zaidi. Nyani hudumisha urafiki kwa kuchambuana manyoya, na binadamu, ambaye makundi yake ni makubwa mno kwa kazi hiyo, huchambuana kwa maneno. Dunbar na wenzake walisikiliza mazungumzo ya watu wa kawaida na kukuta kwamba karibu theluthi mbili ya muda huenda kwenye mambo ya kijamii, nani amefanya nini na nani. Wanaume na wanawake walikaribiana sana, na sehemu ndogo tu ilikuwa ya kumsema mtu kwa ubaya.

Hayo hayamaanishi kwamba ulimi hauna makosa. Masengenyo huvunja nyumba, uzushi huua, na katika Uingereza ya karne ya 16 na 17 maneno ya majirani yaliwafikisha wanawake wengi mahakamani kwa tuhuma za uchawi. Lugha inahitaji maneno ya kulaani uongo na ukatili. Kasoro ya msamiati tulioupitia ni kwamba mara nyingi haukupima ukweli wala madhara. Ulipima cheo, jinsia na asili ya msemaji.

Sisi wa Kiswahili tuna nyenzo za kufanya vizuri zaidi. Soga ni ya kuburudishana, gumzo ni la kuchangamkia jambo, porojo haina mashiko, umbea una uchokonozi, masengenyo yana ubaya, uvumi haujathibitishwa, uzushi umetungwa. Idhaa ya BBC ya Kiswahili ilipohitaji jina la safu ya habari za usajili wa wachezaji, ambayo kwa Kiingereza inaitwa "gossip", ilichagua "tetesi", na ilichagua vyema, maana habari hizo hazimsengenyi mtu, hazijathibitishwa tu. Mfasiri wa Shakespeare anayeandika "wambea" mahali pa wazazi wa ubatizo amelibatilisha tukio zima.

Kwa hiyo mwalimu, mfasiri na mhariri wachukue hatua tatu kabla ya kuandika neno moja kati ya hayo. Wajue lilisemwa karne gani. Wajue nani alimsema nani. Kisha wachague neno la Kiswahili kwa kupima kilichosemwa, kama ni kweli, kama kinadhuru, kama kinaburudisha. Na sisi sote, tunaposikia kikao cha akina mama, cha vijana wa kijiweni au cha wazee chini ya mti kikiitwa porojo, tuulize kwanza anayekiita hivyo alikaa ndani ya kikao hicho kwa muda gani.